Somoe na somo yake

Simama sokoni Mikindani uite "Somoe!" kwa sauti ya mtu anayedai chenji. Usishangae wakigeuka watatu: bibi anayeuza ming'oko, mama mwenye beseni la pweza, na binti wa miaka 5 aliyeshika upindo wa khanga ya mmoja wao. Ni jina la kusini hili. Ukilikuta Dar es Salaam, muulize mwenyewe kwao wapi. Aghalabu atakujibu Lindi au Mtwara.

Hao watatu wakishajuana, wataitana somo. "Somo yangu, umeamkaje?" Kiswahili kimefanya jambo la ajabu hapa, nasi tumelizoea mpaka hatulioni. Somo ni kile unachofundishwa darasani. Somo pia ni mtu mliyechangia naye jina. Mtoto wa pwani huijua maana ya pili kabla ya ile ya kwanza, kwa sababu hupewa jina la bibi au shangazi, na tangu siku hiyo anakuwa na mtu wake: somo yake humletea bibo kutoka shambani na humtetea akichapwa.

Ninachotaka kusema Jumamosi hii ni kwamba kitabu cha kwanza cha mtoto wa chekechea kinapaswa kuwa somo kwa maana zote mbili. Kimfundishe, na kiwe na jina lake.

Wenzetu wamekwisha kulifanya wazo hili biashara. Mwaka 2012 jijini London ilianzishwa kampuni ya Lost My Name, ambayo leo inaitwa Wonderbly. Mzazi anaandika jina la mwanawe kwenye tovuti, kitabu kinachapwa nakala moja kwa ajili ya mtoto huyo. Katika hadithi mtoto amepoteza jina, anatembea huku na huko, na kila kiumbe anayekutana naye anampa herufi moja mpaka jina linatimia. Nakala zimeuzwa kwa mamilioni.

Je, kuna faida zaidi ya kumfurahisha mtoto siku yake ya kuzaliwa? Mwaka 2014 mtafiti Natalia Kucirkova na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Watoto ambao hawajaanza shule walisomewa kitabu chenye kurasa za aina mbili: zilizotengenezwa kwa kumfuata mtoto mwenyewe, na za kawaida. Maneno mapya yaliyokuwa kwenye kurasa "zao" waliyashika vizuri zaidi. Lakini watafiti hao hao waliona jambo jingine. Kwenye kurasa hizo watoto waliongea zaidi, na walichokiongea zaidi ni habari za nafsi zao. Mzee wa pwani angesema hapo: mtoto huyo ataharibika. Nitamrudia mzee huyo baadaye, maana ana hoja.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Kitabu cha London kinakwenda herufi kwa herufi kwa sababu Kiingereza ndivyo kilivyo. Kiswahili kinasomwa kwa silabi. So-mo-e. Hapo pana silabi tatu ambazo mtoto anazijua kwa sauti tangu anatambaa. Ondoa ya mwisho, umepata "somo". Badili irabu moja, umepata "soma". Chukua "mo" uibandike "to", umewasha "moto". Mwalimu mwenye kipande cha chaki anaweza kukaa na jina hilo moja wiki nzima bila kuishiwa. Si majina yote yaliyo mepesi hivyo. Salum humtatiza mtoto kwa kuwa nyumbani anaitwa Salumu na kwenye daftari ile "u" ya mwisho haipo; Issa ana "s" mbili zinazosikika kama moja; Mwanahawa anaanza na "mwa", ambayo kwa kawaida hufundishwa baadaye sana. Ila mtoto huvumilia ugumu wa jina lake kuliko ugumu wa neno jingine lolote.

Jina peke yake halitoshi. Ukimwekea mtoto wa Msimbati jina lake katikati ya hadithi ya theluji, umempa mwaliko wa harusi asiyoijua. Kinachomfanya mtoto akitambue kitabu kuwa chake ni vitu vyake. Hapa ndipo pwani hii, kuanzia Mikindani kupita Msanga Mkuu na Msimbati hadi Ruvuma inapoingia baharini, ina utajiri ambao sijui kwa nini hatuutumii. Angalia maneno yanayomzunguka mtoto huko: papa, taa, kaa, tasi, dau, dema, nazi, bibo. Yote ni mafupi, yote yanaishia na irabu, hayana konsonanti za kubanana. Mtu aliyekaa mezani kutunga kitabu cha kwanza cha kusoma asingepata orodha bora zaidi. "Taa" na "kaa" zinatofautiana kwa herufi moja tu, na mtoto anajua kwa ngozi yake tofauti ya samaki mwenye mwiba mkiani na mdudu mwenye magando. "Baba ana dema. Dema lina kaa." Hiyo tayari ni hadithi, na kwa mtoto aliyewahi kufuata watu wazima miambani maji ya bamvua yakitoka, ni hadithi ya kweli. Akitoka hapo ndipo apande kwenye "mkoko", "pweza", "kiboko" na "ming'oko", neno ambalo litamtoa jasho mwalimu mgeni kabla ya mtoto.

Kwenye chati za ukutani za Kiingereza zinazouzwa madukani, mlango wa kusoma hufunguliwa na tofaa. Mtoto amelala chini ya mkorosho msimu mzima, mabibo yakimdondokea, halafu anafundishwa kusoma kwa tunda ambalo hajalionja.

Wala wazo la kumfundisha mtu kusoma kwa vitu vyake halitoki nje. Sisi wenyewe tulilitumia, ila kwa wakubwa. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Kati ya 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa iliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, ambapo mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, wa migomba kwa kitabu cha migomba, na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mwaka 1971 wilaya 6 zilipewa kazi ya kufuta ujinga kabla mwaka haujaisha, na Masasi, hapa hapa Mtwara, ilikuwa mojawapo. Kufikia 1986 takwimu rasmi zilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Bibi zetu wa ngumbaru walipewa kitabu kinachojua kazi yao. Wajukuu wao tukawasahau.

Huko New Zealand, mwalimu Sylvia Ashton-Warner alikwenda mbali zaidi na watoto wa Kimaori. Kila asubuhi alimuuliza kila mtoto neno analolitaka, akaliandika kwenye kadi na kumpa. Lililosomeka kesho yake lilibaki, lililosahaulika lilitupwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 anaeleza kwamba maneno yaliyoganda yalikuwa ya hofu na mapenzi. Mtoto wa Kilambo, ambako kijiji kinalala karibu na mto, ukimuuliza neno lake leo, nadhani atakwambia "mamba" kabla hujamaliza swali.

Basi nani atavitengeneza vitabu hivi? Tumezoea kusubiri mradi. Kuanzia 2016 Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na USAID, na baadaye ukaja Jifunze Uelewe kwa ufadhili huo huo. Mwaka 2025 USAID yenyewe ikafungwa. Ndani ya nchi tunao Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, na kwenye intaneti kuna African Storybook, iliyozinduliwa 2014, inayoruhusu mwalimu kuchukua hadithi ya Kiswahili, kubadili majina na mandhari, na kuichapa bila kulipa haki za mwandishi. Ni njia nzuri kwa mwenye printa na wino. Shule shikizi yenye mwalimu wa kujitolea na mti wa mwembe haina.

Lakini si lazima iwe nazo. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine ni kurasa 8. Boksi la sabuni linatosha kwa jalada, uzi wa nyavu kwa mshono. Na fundi nyavu Mtwara hatafutwi. Mtoto anasimulia, mwalimu anaandika sentensi moja kila ukurasa kama alivyoisema, mtoto anachora. Akichanganya Kimakonde cha nyumbani, neno hilo libaki, la Kiswahili liandikwe ukurasa unaofuata.

Najua jibu la mwalimu: nina watoto 80. Mwongozo wa serikali unataka 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na kila mtu anajua hali halisi. Lakini hesabu inakubali. Mtoto mmoja kwa siku, watano kwa wiki, watoto 80 wamekwisha kwa wiki 16. Mwaka wa shule una siku 194. Utabaki muda wa kurudia waliokuwa wagonjwa na waliokwenda mashambani msimu wa korosho.

Sasa yule mzee na hoja yake, kwamba mtoto atajiona. Atajiona kweli, kitabu kikikaa kwenye begi lake kama cha London kinavyokaa kwenye kabati la chumba chake. Kikining'inizwa kwenye kamba darasani pamoja na vingine 79, Chande atakisoma cha mwenzake Somoe ili ajue kama mamba alimla mbuzi wa bibi, na Somoe atakisoma cha Chande kwa sababu ametajwa humo, tena vibaya. Darasa la namna hiyo lina maktaba ya vitabu 80 iliyogharimu karatasi 160, yaani chini ya theluthi moja ya rimu.

Mzazi unayesoma gazeti hili, na nyumbani una mtoto wa vidudu: usisubiri mwalimu. Jioni ya leo muulize nini kilimtisha wiki hii. Andika alivyosema, usimsahihishe. Juu ya jalada weka jina lake, kwa herufi kubwa, na acha nafasi kati ya silabi.