UNYEVU NA KUVU KATIKA NYUMBA ZETU

Kaeni vizuri, kalamu mkononi. Somo letu la leo ni kuvu, yaani yale madoa meusi au ya kijani yanayoota ukutani, juu ya nguo za sandukuni na juu ya majalada ya vitabu wakati wa masika.

Kuvu ni nini? Ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo mno, nazo huruka hewani kila mahali. Hatuwezi kuzifukuza zote. Lakini haziwezi kuota pasipo maji, kama mpunga usivyoota pasipo mvua. Kwa hivyo anayetaka kuondoa kuvu, na aondoe unyevu kwanza.

Maji huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni juu: paa linalovuja au mfereji ulioziba. Ya pili ni chini: ukuta hunyonya maji ya ardhini, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ya tatu ni hewani: mvuke wa chungu, pumzi zetu, nguo zilizoanikwa chumbani. Tieni maji ya barafu katika bilauri. Baada ya muda kidogo itatoka jasho. Maji yale hayakupenya kioo, yametoka hewani. Ukuta wa baridi nao hutoka jasho vivyo hivyo.

Sasa twendeni Mji Mkongwe. Wazee walijenga nyumba zile kwa mawe ya matumbawe, udongo, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake hunywa maji wakati wa mvua, kisha huyatoa polepole jua likiwaka. Chokaa huuacha upumue. Ukipigwa plasta ya simenti, mlango ule umefungwa. Maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta na kuibandua, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Mwenye nyumba hudhani ameongeza nguvu, kumbe ameufungia ugonjwa ndani.

Nyumba zetu za ghorofa za Kikwajuni, zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, hazina boriti za mikoko. Hata hivyo kuvu haichagui. Hupenda pembe za chumba na nyuma ya kabati, pasipopita hewa.

Je, jambo hili lina uzito? Naam. Kuvu humzidishia mgonjwa wa pumu taabu ya kifua. Na maji yakiachwa miaka mingi hudhoofisha nyumba nzima. Mnaikumbuka Beit al Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo kuukuu lataka kuangaliwa kila siku.

Basi fanyeni hivi. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mkizibe pande zote kwa utepe wa gundi, mkiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa ukuta, unyevu watoka ukutani: tazameni paa, mifereji na mabomba. Yakionekana upande wa chumba, unyevu watoka hewani: fungueni madirisha jua litokapo, anikeni nguo nje, sogezeni kabati shubiri moja kutoka ukutani. Msifunike kuvu kwa rangi ya mafuta. Na mwenye nyumba ya mawe amwite mwashi anayejua chokaa.

Maswali ya kuandika:
1. Maji huingia nyumbani kwa njia ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini simenti haifai ukuta wa mawe na chokaa?
3. Nyumbani kwako kuna doa wapi, na unadhani maji yake yatoka wapi?

Swali la tatu mlijibu baada ya kutazama kwa macho yenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwaherini.