Kayaki ya tanga katika bahari baridi: Anayeanza atangulize nini?

MNAMO Agosti 1947, mwandishi George Orwell, anayefahamika na wengi kwa kitabu chake Shamba la Wanyama, aliponea chupuchupu kufa maji katika mlangobahari wa Corryvreckan, magharibi mwa Scotland. Mkondo mkali uling’oa injini ya mashua yake, nayo ikapinduka alipokuwa akijaribu kushuka mwambani pamoja na jamaa zake. Waliokolewa na wavuvi saa kadhaa baadaye.

Siku hizi bahari hiyo huwavutia wasafiri wa kayaki, chombo chembamba cha kupiga kafi ambacho asili yake ni kwa Wainuit wa Aktiki. Baadhi yao huongeza tanga ili upepo uwapunguzie kazi. Mnunuzi anayeanza aghalabu huuliza kuhusu ukubwa wa tanga na kasi ya chombo. Hata hivyo, swali linalofaa kutangulia ni hili: akitumbukia majini, atarudije chomboni?

Hatari kubwa ni baridi. Maji ya huko hufikia takriban nyuzijoto 14 za Selsiasi mwishoni mwa kiangazi na kushuka hadi 7 hivi majira ya baridi yanapokwisha. Yale ya Mombasa huwa 25 au zaidi. Mtu akitumbukia ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15, huvuta pumzi bila hiari na kuhema kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi. Iwapo kichwa kimezama wakati huo, huvuta maji. Baada ya dakika 10 hivi, vidole vinaweza kufa ganzi kiasi cha kushindwa kushika kamba.

Kwa sababu hiyo, fedha za kwanza zitumike kununua mavazi: suti isiyopenyeza maji, iliyobana shingoni na mikononi, juu ya nguo za sufu. Nguo za pamba hazifai, kwani hushika maji na kupoza mwili. Jaketi la kuokoa maisha halina mbadala.

Pili, kiwiliwili cha chombo kikaguliwe. Kayaki nzuri ina vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma, vyenye hewa, ili ielee hata ikijaa maji. Iwe pia na kamba za kushikilia pembeni na usukani unaoendeshwa kwa miguu.

Ndipo tanga lifuate. Kwa anayeanza, tanga la takriban mita 1 ya mraba latosha. Lazima liweze kushushwa kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili utakuwa umeshika kafi. Tanga dogo la aina hii husaidia zaidi upepo unapotoka nyuma au ubavuni. Anayerudi dhidi ya upepo hutegemea kafi.

Matanga makubwa huhitaji vielezi vya pembeni, mfano wa matengo ya ngalawa za Pwani. Vielezi hivyo huzuia kupinduka lakini huleta hatari nyingine. Msafiri akianguka, chombo chaweza kuendelea na safari bila yeye, kikienda kwa kasi asiyoweza kuifikia kwa kuogelea. Redio ya kuomba msaada basi ifungwe mwilini, isiachwe ndani ya kayaki.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kukijaribu chombo katika maji matulivu, karibu na ufuo, akiwa na mtu mwenye ujuzi. Avae mavazi yote ya safari, akipindue kwa makusudi, ashushe tanga, kisha apande tena. Akishindwa hapo, hataweza mahali ambapo upepo na mkondo hukabiliana na kuinua mawimbi mafupi yenye kuta wima.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kayaki inayomfaa anayeanza ni ile ambayo tayari amewahi kuanguka kutoka kwayo, akairudia mwenyewe.