Je, Wajua? Usaha ni Mabaki ya Vita

Ule usaha mzito wa manjano unaotoka kwenye jipu ni mizoga ya askari wako mwenyewe. Mwiba ukikuchoma kidoleni, chembechembe nyeupe za damu hujipenyeza nje ya mishipa midogo, hufuata kemikali zinazotoka penye jeraha, kisha huwazingira bakteria na kuwameza wazima wazima. Nyingi hufia hapo hapo. Kidole nacho huvimba na kuwa cha moto, kwa sababu damu imeongezwa pale.

Ulaji huu ulielezwa na Élie Metchnikoff, mwanasayansi kutoka Urusi. Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, alichoma miiba midogo kwenye mabuu ya kiti cha pweza, ambayo miili yake hupenywa na mwanga kama kioo. Kulipokucha akakuta chembe zimeuzunguka mwiba pande zote! Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Chembe nyeupe nyingine, limfosaiti, zina kumbukumbu ya ajabu: mtu aliyewahi kuugua surua kwa kawaida haiugui tena maishani.