KWA NINI CHANJO YA MDONDO HUTANGULIA UGONJWA

Mdondo, au kideri kama wengine wauitavyo, waweza kumaliza karibu kuku wote wa kundi lisilo na kinga. Hata hivyo wako wanachama wangojao hadi kuku wa kwanza afe ndipo waitake chanjo. Na kuku wakizidi kufa, lawama humwangukia katibu. Yafaa basi ieleweke jinsi kinga inavyofanya kazi.

Mdondo huletwa na virusi. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kwanza kiingie ndani ya chembe hai ya kuku. Juu ya utando wa kirusi hiki zimesimama protini za aina mbili, nazo zimevikwa minyororo ya sukari. Ya kwanza kazi yake ni kushika: hunasa sukari iliyo juu ya chembe hai ya kuku. Ya pili huunganisha utando wa kirusi na ule wa chembe, na hapo njia hufunguka.

Kingamwili ni protini zitengenezwazo na mwili wa kuku mwenyewe. Umbo lake ni kama panda ya manati, na ncha zake mbili hulingana na sehemu fulani ya protini ya kirusi kama ufunguo na kufuli. Sukari ya kirusi hutengenezwa na chembe za kuku, kwa hiyo mwili haioni kuwa ngeni sana, nayo yaweza kuficha sehemu ya protini. Virusi vya UKIMWI vimejifunika sana kwa namna hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya ugumu wa kupata chanjo yake. Kirusi cha mdondo hakikujificha kiasi hicho. Kingamwili ikiikamata protini ya kwanza, kirusi hakiwezi kushika. Ikiikamata ya pili, hakiwezi kuingia.

Lakini kingamwili hungoja nje. Kirusi kikishaingia ndani ya chembe, haikifikii. Hapana budi kingamwili ziwepo kabla ya adui kufika.

Chanjo ya I-2, itumiwayo sana vijijini, ina kirusi hai kilicho kipole, ambacho protini zake zafanana na za kirusi kikali. Kuku hupewa tone moja jichoni, na mwili huchukua kiasi cha wiki mbili kujenga kinga ya kutosha. Anayechanjwa akiwa tayari ameambukizwa hana muda huo. Baadaye kingamwili hupungua, ndiyo sababu chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 4. Tena hazizuii ndui ya kuku, kwa kuwa protini za kirusi chake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo makatibu wanaombwa kupanga chanjo angalau mwezi mmoja kabla ya majira ambayo mdondo huzuka katika eneo lao, kuchanja kuku wazima wa kijiji kizima kwa pamoja, kuikinga chupa na jua, na kuandika katika daftari tarehe na idadi ya kuku. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha, siku ya malalamiko, kama chanjo ilikosea au ilichelewa.