Neno Refu Katika Barua ya Serikali

Kila taifa lina mchezo wake wa maneno. Sisi Waswahili tuna vitendawili na mafumbo, na watoto wetu wana kinyume, ambacho silabi za neno hupinduliwa ili mgeni asifahamu. Waingereza nao wana mchezo wao wa kuhesabu herufi. Hutafuta neno lililo refu kupita yote, au neno lenye irabu zote, au lisilorudia herufi hata moja, kisha wakashindana nani kapata zaidi. Leo tumeona vyema tuwafungulie wasomaji wetu mchezo huo, kwani ndani yake mna mazingatio kwa kila mwananchi anayepokea barua ya serikali, na zaidi kwa kila mtumishi wa umma anayeiandika.

Tuanze na neno ambalo wengi wetu tulilikariri skuli: "antidisestablishmentarianism". Lina herufi 28, na maana yake ni msimamo wa wale wanaopinga kanisa kutenganishwa na dola. Jambo hilo lilibishaniwa sana Uingereza katika karne ya 19, na mwaka 1869 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuliondolea Kanisa la Ireland hadhi ya kuwa kanisa rasmi. Ukilichambua neno lenyewe utaona limetungwa kama tasbihi: kipande cha kuweka imara, kikatanguliwa na cha kutengua, kikatanguliwa tena na cha kupinga. Wala sisi si wageni wa utungaji huo. Katika "hatutawaelewesha" mna mkanusho, mtenda, wakati, mtendewa na kitendo, vyote katika neno moja.

La pili ni "floccinaucinihilipilification", lenye herufi 29. Limejengwa kwa maneno manne ya Kilatini, na kila moja hutaja kitu kisicho na thamani. Maana yake ni kukadiria jambo kuwa si chochote si lolote. Mshairi William Shenstone aliliandika katika barua yake mwaka 1741, na mwaka 2012 mbunge Jacob Rees-Mogg alilitamka ndani ya Bunge la Uingereza. Herufi i imo mara 9, na herufi e haimo hata mara moja. Tazama basi: herufi 29 kwa jambo ambalo bibi zetu hulimaliza kwa kusema "si kitu".

La tatu ni "honorificabilitudinitatibus", herufi 27, yaani hali ya kustahiki heshima. Shakespeare alilitia katika mchezo wake uitwao "Love's Labour's Lost", katika kinywa cha Costard, mtu wa kawaida anayewacheka wasomi wenye kujivunia Kilatini chao. Ajabu ya neno hili ni kwamba konsonanti na irabu hufuatana moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni atalisoma bila ya kukwama, kwa kuwa ndivyo silabi zetu nyingi zilivyo, ilhali atataabika na "strengths", neno la herufi 9 lenye irabu moja tu, ambalo maana yake ni nguvu. Mwaka 1910 Edwin Durning-Lawrence alizipangua herufi za neno hilo refu, akatoa sentensi ya Kilatini na kudai kwamba ni siri iliyofichwa na Francis Bacon, ambaye kwa maoni yake ndiye mwandishi wa kweli wa michezo ya Shakespeare. Lakini neno lenyewe lilikuwamo katika Kilatini karne nyingi kabla ya Shakespeare kuzaliwa. Hivyo ndivyo mtu akilitukuza neno kwa urefu wake huishia kuona ndani yake yasiyokuwamo.

Lililo refu kupita hayo yote ni "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", lenye herufi 45. Hutajwa kuwa ni maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi laini mno la volkano. Halikuzaliwa hospitali. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha Wamarekani wapenda mafumbo ya maneno, kwa kusudi la kupata neno refu. Madaktari wanaotibu mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la aina hiyo hutumia "silicosis", herufi 9 tu, na mgonjwa anatibiwa.

Yako pia maneno yanayopendwa kwa mpangilio wa herufi zake. "Facetious" ni mwenye kufanya mzaha mahali pasipo pake, na "abstemious" ni mwenye kujizuia katika kula na kunywa. Yote mawili yana irabu tano kwa mfuatano wa a, e, i, o, u. "Uncopyrightable", yaani kisichoweza kuwekewa hakimiliki, lina herufi 15 na hakuna iliyojirudia. "Strengthlessness", hali ya kukosa nguvu, lina herufi 16 na halina irabu ila e. Lakini na sisi hatukunyimwa. "Barabara", "mahakama", "karakana" na "mshahara" yote yanasimama kwa irabu a peke yake, na "tuliowaeleza" lina irabu zote tano. Walimu wetu wa skuli wangefanya jambo jema kuwashindanisha watoto katika mchezo huu kwa Kiswahili.

Mchezo ni mchezo, na hauna lawama. Lawama huanza pale neno refu linapotoka kwenye mchezo na kuingia katika kazi za watu. Waingereza wenyewe waliliona hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Hazina yao ilimtaka Ernest Gowers awaandikie watumishi wa serikali mwongozo, na mwaka 1948 kikatoka kitabu chake "Plain Words" cha kuwafundisha kuandika kwa maneno mepesi. Mwaka 1979 mwanamke mmoja, Chrissie Maher, alikwenda mbele ya Bunge lao London akazichanachana hadharani fomu za serikali ambazo wananchi hawakuweza kuzifahamu. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 2010 kuzilazimisha idara za serikali kuu kuwaandikia raia kwa lugha iliyo wazi. Basi ikiwa wenye lugha wamechoka na maneno marefu katika barua za ofisi zao, sisi tunayang'ang'ania kwa faida ya nani?

Hatusemi haya kwa kuwanyooshea wenzetu kidole. Tulipokuwa tungali karani kijana, tuliandika barua kwa mzee mmoja ambaye minazi yake ilikatwa kupisha barabara. Barua ilikuwa ya Kiswahili, lakini tuliinakshi. Tuliandika kwamba atalipwa fidia yake katika siku 14 "notwithstanding kukosekana kwa hati". Neno hilo lina herufi 15 na maana yake ni "ijapokuwa" au "bila ya kujali". Tulikusudia kumwambia kwamba atalipwa hata kama hati hana. Mzee aliipeleka barua kwa sheha, na sheha naye hakulijua neno. Wote wawili waliona "kukosekana kwa hati", wakaamini kwamba amenyimwa. Mzee akakaa nyumbani na siku 14 zikapita.

Siku alipokuja ofisini alikuwa na barua ile ndani ya kofia. Aliitandaza juu ya meza, akaweka kidole juu ya neno, akauliza: "Mwanangu, neno hili linanipa au linaninyima?" Tulimjibu kwamba lilikuwa linampa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kwa nini halikusema?" Ilibidi aanze maombi upya, na fedha zake alizipata msimu wa karafuu uliofuata. Tulikuwa tumesoma chuoni kwa mwalimu aliyetukataza kuruka herufi moja pasi na kuijua, kisha tukasomeshwa kwa fedha za umma. Pamoja na elimu zote mbili, tulimkosesha mzee haki yake kwa kutaka tuonekane tunajua.

Wala isisemwe kwamba mambo makubwa hayana jina kwa Kiswahili. Mwaka 1972, Tanzania Bara ilipopeleka mamlaka ya utawala mikoani, Waingereza wangeita "decentralization", neno la herufi 16. Wananchi waliambiwa "Madaraka Mikoani", na kila mmoja alifahamu nini kinakwenda wapi. Hapa Visiwani, jambo zito kuliko yote ya miaka ile, lililotufikisha katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, liliitwa "Maridhiano". Neno hilo lilikuwa tayari majumbani mwetu, kati ya mume na mke na baina ya jirani na jirani. Lau jambo lile lingeletwa kwa neno la herufi 29, nani angelipigia kura?

Tunawanasihi basi ndugu zetu watumishi wa umma: kabla ya kutia saini, isomeni barua kwa sikio la yule atakayeipokea. Likiwamo neno ambalo sheha hatoweza kumfasiria mzee wake, liondoeni na muandike maana yake. Nanyi wananchi, msione haya kuuliza. Barua ya serikali ni haki yenu, na haki ni pamoja na kuifahamu. Mkiona neno msilolijua, rudini nalo ofisini kabla ya siku kupita, mliwekee kidole kama alivyofanya mzee yule, muulize linatoa au linanyima. Anayelipwa mshahara kwa kuliandika ndiye anayewajibika kulieleza.