Rauta ya Wati Nne

Masta, we unajua vile inakuwaga hapa Uvira, mtaa wa Kimanga ama Mulongwe, SNEL ikikata stima usiku. Waifai ya jirani chali. Kila msee anarudi kwa simu yake, ananunua mega zake kadogo, na zinaisha kabla video moja haijafika katikati. Wasee sita wa uwanja mmoja wanalipa mara sita kitu wangelipa mara moja! Hiyo inaniuma kabisa. Mkichanga franga, mkanunua forfe moja ya maana na modemu moja ya 4G, wote mko hewani. Kinachobaki ni kimashine cha kugawa hiyo reso, na kisizime stima ikienda.

Hapo ndio mabeshte wengi hupotelea. Wanawaza spidi. Mwana atakwambia ana desktopu ya zamani ameiokota kwa ofisi fulani, ataiwekea Linux, iwe rauta. Itapiga kazi, sikatai. Lakini cheki hesabu. Chukua ile batri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7: ndani kuna wati-saa 84. Batri ya asidi ukiikausha hadi chini unaiua, kwa hivyo tumia nusu tu, 42. Desktopu ya wati 60 inamada hizo kwa dakika 42. Rauta ndogo inakula kama wati 2, modemu nayo ongeza kama hizo, jumla 4. Batri ileile inakushikilia zaidi ya saa kumi, yaani umelala na umeamka, reso bado iko.

Ndio maana mi nikiangalia mashine naanza na volti. Nataka ya volti 5, ile inakunywa kwa waya wa kuchajia simu, juu hiyo mtaani haikosi. Kuna kimoja cha GL.iNet kinaitwa Mango, kinaingia kwa kiganja: memori ya megabaiti 128, stoo ya megabaiti 16, tundu mbili za waya, tundu ya USB ya kuchomeka modemu, na OpenWrt, mfumo wa rauta, ndio msingi wa programu yake tangu dukani. Wasee wanakidharau juu waya wake unaishia megabiti 100. Sasa we na modemu moja mnagawana watu sita, hizo megabiti zaidi utazitoa wapi?

Raspberry Pi naipenda, sitaificha. Kwa kujifunza kodi hakuna kitu fiti kama hiyo. Ila kwa rauta ya Uvira nitakwambia tulia. Mfumo wake unakaa kwa kadi ndogo ya memori, na stima ikikatika ghafla kadi ikiwa inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika, asubuhi haiwaki. OpenWrt ndani ya rauta ya kawaida imejengwa tofauti: mfumo wenyewe umefungwa sehemu isiyoandikwa, mabadiliko yako yanakaa pembeni. Izimike, iwake, inarudi vile ilikuwa. Na kwetu kuzimika ndio kawaida, hata kama stima yetu inatoka mto Ruzizi, huohuo unaomwaga maji ziwani hapa kando ya mji.

Ukienda kwa mitumba uwe na rada. Zile TP-Link kuukuu za stoo ya megabaiti 4 na memori ya 32 zinauzwa bei ya bure, lakini OpenWrt za siku hizi hazizibebi tena. Geuza kimashine, soma toleo kwa stika, cheki kama liko kwa orodha ya OpenWrt kabla hujatoa doo.

Halafu hii ya konvertisa, noma sana. Unatoa volti 12 za batri, unazipandisha 220, ndio uchomeke chaja izishushe tena 5! Konvertisa yenyewe inakula wati zake hata ikiwa haijabeba kitu, na inaweza kula kushinda rauta. Tafuta ile chaja ya gari, inatoka 12 moja kwa moja hadi 5. Iwe ya ampea 2, juu modemu ikisaka mnara inavuta ghafla, na chaja dhaifu itafanya rauta ijizime na kujiwasha usiku kucha. Juu ya bati weka pano ya sola ya wati 50. Wati nne kwa siku nzima ni wati-saa 96, na msimu wa mvua jua linabania.

Starlink ilipata leseni Kongo mwezi wa 5, 2025, na najua mnaitamani. Hata ile sahani yao ndogo, Mini, inavuta wati 25 hadi 40. Batri yetu haiwezi.

Na hii njia si ndoto ya vijana wa Uvira peke yao. Gulu, kaskazini ya Uganda, mradi wa BOSCO ulianza 2007 kupeleka intaneti kwa kambi za wakimbizi wa ndani, kwa sola na kompyuta za Inveneo zinazokula stima kidogo. Hapo juu kwetu, kisiwa cha Idjwi kwa ziwa Kivu kilipata Pamoja Net, reso ya jamii yenyewe.

La mwisho kabla hujawasha: modemu yako ikishika mnara wa Burundi ng'ambo ya maji, mega zako hazitafanya kazi, ama utalipishwa rominga. Ingia kwa mipangilio, ifungie kampuni ya laini yako. Na kimashine, pamoja na batri, kikae juu ya ukuta karibu na dari, juu usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaingia kwa nyumba za watu bila hodi.