Mgodi wa makaa ya mawe ukifungwa, kwa nini maji yanaendelea kuharibika?

Wachimbaji wakimaliza kazi na kuondoka, wengi hudhani shida imekwisha. Kumbe kwa upande wa maji, ndo kwanza inaanza.

Mfano mzuri ni Mpumalanga, jimbo la Afrika Kusini ambalo makaa yake huzalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hiyo. Humo upo mji wa eMalahleni, zamani Witbank. Jina lenyewe maana yake ni "mahali pa makaa ya mawe", na uchimbaji wa chini ya ardhi ulianza huko zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kwanza maji hupungua

Handaki likishuka chini ya kiwango cha maji ya ardhini, maji huvujia ndani. Ili wachimbaji wasizame, pampu huyavuta usiku na mchana. Kiwango cha maji jirani na mgodi hushuka, na visima vya watu vinaweza kukauka.

Migodi mingi ya zamani iliacha nguzo za makaa zishikilie paa. Nguzo zikichoka, paa huanguka na ardhi ya juu hudidimia na kupasuka. Nyufa hizo hunywa maji ya mvua na ya vijito.

Kisha huwa asidi

Ndani ya makaa na miamba yake kuna pairiti, madini ya chuma na salfa. Yakikaa bila kuguswa hayana neno. Yakikutana na hewa na maji, hutoa asidi ya salfuriki, ile ile ya kwenye betri ya gari, ingawa hapa huwa imechanganyika na maji mengi. Asidi hiyo huyeyusha chuma, manganizi na alumini kutoka kwenye miamba.

Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa. Mahandaki hujaa taratibu, pengine kwa miaka mingi, mpaka maji yaanze kutoka yenyewe mabondeni. Hapo hakuna koki ya kufunga.

Yaliyoikuta Carolina

Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji ya asidi kutoka eneo la migodi ya makaa yaliingia kwenye bwawa la Boesmanspruit, linalohudumia mji wa Carolina, Mpumalanga. Maji ya bomba yakawa hayafai kunywa kwa miezi kadhaa. Julai mwaka huo mahakama iliamuru wakazi wapelekewe maji salama ndani ya saa 72.

Kuchemsha hakusaidii hapa. Moto huua vijidudu, lakini metali na chumvi hubaki, tena hukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Rangi ya kutu ni dalili mbaya, ila hata maji maangavu yanaweza kuwa na asidi. Uhakika ni kuyapima.

Yanasafishika?

Ndiyo, lakini kwa gharama. Mwaka 2007 kampuni ya Anglo American ilifungua kiwanda eMalahleni kinachosafisha maji ya migodini, mwanzoni takriban lita milioni 25 kwa siku. Asidi hupunguzwa makali, kisha maji husukumwa kwa nguvu kupita kwenye vichujio vyenye matundu madogo mno. Sehemu kubwa huenda kwa wakazi kama maji ya kunywa, na jasi inayobaki imetumika kutengenezea matofali.

Tatizo ni kwamba usafishaji lazima uendelee kwa muda wote maji machafu yanapotoka, hata kama makaa yaliisha zamani. Sheria ya Afrika Kusini huzitaka kampuni zitenge fedha za kufunga migodi. Lakini nchi hiyo ina takriban migodi 6,000 ya madini mbalimbali iliyotelekezwa, mingi haina mwenyewe wa kudaiwa. Mzigo huo huangukia serikali, yaani walipa kodi.

Ndiyo maana maswali huulizwa kabla mgodi haujafunguliwa: visima vya jirani vimepimwa na matokeo yakaandikwa? Pampu zikizimwa, maji yatatokea wapi? Na nani atalipa?